Mombasa hadi Ziwa Jipe, na kurudi kwa njia ya Tanga

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kazi zangu ni Tudor, Mtongwe na mara mojamoja Shimoni, maji ya chumvi matupu. Nilipopigiwa simu kuulizwa kama naweza kupeleka mashine ziwani na kukaa nayo mpaka kazi iishe, nilidhani ni Kisumu. Kumbe ni Jipe, kule Taveta, ziwa ambalo nusu ni letu na nusu ni la Tanzania. Kikundi kidogo cha watafiti na wavuvi wa pande zote mbili kilitaka kupima kina, maji, matete na mahali samaki wanapozalia. Haya nimeyaunga kutoka daftari langu la kazi na picha za simu, kwa sababu jamaa wengi wananiuliza njia. Bei ni nilizolipa mimi. Zako zitategemea msimu na mdomo wa makanga.

Jumatatu: Mombasa – Voi – Taveta

Magari nimepandia Mwembe Tayari. La Taveta moja kwa moja lilikwishajaa, nikapanda la Voi, shilingi 600. Mashine nilikuwa nimeimwaga mafuta yote tangu usiku na kuifunga magunia juu ya turubai, maana hakuna makanga atakayekubali kitu kinachonuka petroli mbele ya abiria. Hata hivyo walinitoza kiti kizima. Sikubishana. Mashine ya farasi 15 ni karibu kilo 40, na ukiiacha ipandishwe keria basi umeshaiaga.

Mackinnon Road tulisimama msikitini kwa Sayyid Baghali Shah, kama yafanyavyo magari mengi ya njia hii. Wengine waliswali, wengine walikimbilia msalani, dereva akapiga chai. Kutoka hapo hadi Voi ni malori tu.

Voi nilikaa zaidi ya saa mbili nikisubiri gari la Taveta lijae. Mama mmoja muuza viazi karai aliniona nikiizunguka mashine kwa wasiwasi, akaniambia, "Mwanangu, nenda ukale, mzigo haukimbii." Akaivutia chini ya meza yake. Niliporudi nikampa mia, akaikataa, akanifungia na viazi vya njiani juu yake.

Voi hadi Taveta ni 500. Lami sasa ni safi mpaka mwisho, na wazee wa njia hii watakuhadithia vumbi lilivyokuwa. Ukishapita Mwatate na Maktau unakatiza ndani ya Tsavo West, na hapo usimhimize dereva, maana ndovu huvuka wakati wautakao wao. Sisi tulizimishwa injini karibu nusu saa. Karibu na Taveta mzee aliyekaa dirishani alinionyesha kilima cha Salaita, ambapo Februari 1916 Wajerumani waliwarudisha nyuma askari wa Uingereza na Afrika Kusini. Reli ya zamani inayoandamana na barabara ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Mzee aliyasema yote kama mtu aliyekuwepo.

Chumba Taveta 1,200, kina feni na chandarua. Hakikisha chandarua hakina tundu, malaria huku si mzaha. Na pesa taslimu zitoe hapa hapa, mbele huko hutaona benki.

Jumanne: Taveta – Mkwajuni

Toka nje mapema. Mlima Kilimanjaro ulikuwa wazi wote mpaka karibu saa tatu, kisha mawingu yakaufunga na sikuuona tena siku nzima. Sokoni akina mama walikuwa wanapakia mikungu ya ndizi kwenye malori ya kwenda soko la Kongowea. Ndizi unazonunua Mombasa nyingi huanzia hapa.

Probox ya kwenda Mkwajuni ilinigharimu 400 yangu na 300 ya mashine. Barabara ni udongo, na tairi lilipasuka kabla ya nusu ya njia. Spea ilikuwepo, jeki haikuwepo. Vijana watatu wa shamba la jirani waliliinua gari kwa gogo na mabega yao, wakatuaga wakicheka, hawakuomba hata sigara.

Sasa, ukifika Jipe usitegemee kuona ziwa. Unaona ukuta wa kijani. Matete marefu ya jamii ya Typha, pamoja na mafunjo, yameshika ukingo wote, na maji yako nyuma yake. Ziwa lenyewe ni dogo, kama kilomita za mraba 30, na kila tulipopima hapakufika mita tatu. Maji yake mengi huletwa na Mto Lumi kutoka Kilimanjaro, na vijito vinavyoshuka milima ya Pare upande wa Tanzania. Yanatoka kwa Mto Ruvu, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakuwa Mto Pangani, na mwisho yanamwagika bahari yetu hii hii, chini ya Tanga. Hilo sikulijua, na nimekaa baharini umri wangu wote.

Wenzetu wa Tanzania walifika alasiri wamechoka. Ng'ambo yao tunaiona kwa macho, kilomita tatu hivi, lakini kwa sheria ilibidi wazunguke Mwanga, Himo, Holili na Taveta. Safari ya siku nzima kufika mahali ambapo kijana angefika kwa kasia kabla chai haijapoa.

Mkutano ulifanyika chini ya mti, na mimi nilikaa kando nikiunganisha mashine. Nilitarajia hotuba. Badala yake, karibu muda wote ulikwenda kwenye rula na wavu. Kwa upande mmoja, samaki hupimwa kutoka ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia. Kwa upande mwingine hupimwa mpaka nyama inapoishia, mkia hauhesabiwi. Perege, yaani tilapia, yule yule anapungua sentimita kadhaa kwa kuvuka ziwa. Kwenye wavu mambo yalikuwa mabaya zaidi: mmoja anapima jicho likiwa limevutwa, fundo hadi fundo, mwingine anapima ubavu mmoja tu wa jicho. Wavu ule ule mmoja akauita inchi nne na mwenzake akauita inchi mbili. Wavuvi waliokuwepo walitazamana. Kumbe miaka yote walipokuwa wakishutumiana kuhusu nyavu ndogo, pengine walikuwa wanazungumza wavu mmoja.

Dada mmoja mtafiti alieleza jinsi wanavyofanya Ziwa Victoria. Kuna jumuiya ya uvuvi ya ziwa hilo, LVFO, iliyoundwa na nchi tatu mwaka 1994 na makao yake yako Jinja, Uganda. Tangu mwaka 2000 wanahesabu wavuvi, mitumbwi na zana kila baada ya miaka miwili, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa fomu moja. Huku kwetu hati ipo: mwaka 2013 serikali mbili zilitia saini makubaliano kuhusu maziwa Chala na Jipe pamoja na Mto Umba. Lakini hati haisemi jicho la wavu lishikwe vipi. Hilo lilimalizwa pale, chini ya mti, na likaandikwa daftarini: mkia uhesabiwe, jicho livutwe. Mzee mmoja wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, akasema kwa sauti ya chini, "Leo tumefanya kazi." Nami naona alisema kweli.

Usiku nililala kwa familia moja kijijini, kwenye mkeka, na sima kwa kambare wa kukaanga kabla ya kulala. Mama wa nyumba alikataa pesa, akakubali sukari. Ukija, beba sukari na majani ya chai.

Jumatano na Alhamisi: majini

Watu wa Mombasa wenzangu, sikilizeni kuhusu mashine. Maji yakiwa wazi inakwenda vizuri. Ukiingia matete, propela inajizungushia majani mpaka pini inakatika, na tope linaziba tundu la kuvutia maji ya kupozea. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshabadilisha pini mbili. Njia za ndani ni upana wa mtumbwi mmoja, zimekatwa kwa panga, na huko hakuna kingine ila pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Tukawa tunaivuta boti yetu mpaka uwazi, mashine naikunja, mzee wa mtumbwi anatangulia. Nilizaliwa Kuze, pondo nimeishika tangu utotoni, kwa hivyo na mimi nilifanyishwa kazi.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha. Katika kila kituo boti inasimama, mtu anashusha kisahani cheupe na cheusi kwenye kamba mpaka kipotee machoni, anaandika. Mwingine anashusha chombo cha kupima oksijeni. Mwingine anachota tope la chini kwa kijibakuli cha chuma chenye meno. Jioni zinatupwa nyavu za majaribio zenye macho tofauti, alfajiri zinavutwa, kila samaki anapimwa, anapasuliwa, anaangaliwa kama ana mayai. Ndani ya matete mazito oksijeni ilikuwa kidogo mno. Kambare hajali, anaweza kupanda juu akavuta hewa. Perege hawezi.

Na perege wa hapa si perege wa kuletwa. Yupo aliyepewa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe, ambaye asili yake ni ziwa hili na maji ya Pangani tu, na amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Dume huchimba kiota kama sahani kwenye maji mafupi, jike huyachukua mayai na kuyabeba mdomoni mpaka vifaranga waweze kujitegemea. Kiota kinataka chini pawe pagumu. Palipojaa tope hakichimbiki.

Hapo ndipo pondo ilipogeuka kifaa cha utafiti. Mzee aliyetuongoza hakuhitaji chombo. Aliichoma pondo, akasikiliza mkono wake, akasema "mchanga" au "tope." Palipo na mchanga alijua kama kuna viota. Palipo na tope pondo ilizama mpaka akainama. Watafiti walikuwa wanaandika neno lake kwanza, kisha wanachota na kile kijibakuli kuhakiki. Sikumwona akikosea ila mara moja, na hiyo moja alidai boti ilikuwa imesogea. Alituonyesha sehemu ambazo ujanani mwake zilikuwa mchanga na sasa ni tope tupu, hasa upande ambao Lumi inaingilia. Lumi hupita mashambani, na mvua ikinyesha udongo wote wa kule unakuja kupumzika hapa. Tope likijaa maji yanapungua kina, matete yanapata pa kushika, na yakishashika yanazuia tope zaidi. Mnyororo huo ukishaanza hauhitaji msaada wa mtu.

Alhamisi boti ya Tanzania ilitoka kwao nayo, tukakutana katikati. Mpaka hauna alama yoyote majini, ni tarakimu kwenye simu. Hakuna aliyevuka. Boti ziliwekwa ubavu kwa ubavu, zikafungwa kamba, ndoo za samaki na chupa za maji zikapita mkono kwa mkono. Mzee wa upande wao naye alikuwa na pondo na orodha yake ya mahali pa mchanga. Walipoziweka ramani mbili pamoja, viwanja vya kuzalia vilikuwa vichache kuliko kila upande ulivyodhani, maana kila mmoja alikuwa akiamini mwenzake ndiye mwenye vingi. Wakakubaliana vichache hivyo viachwe bila nyavu msimu wa kuzaa, pande zote siku moja. Ukifunga upande mmoja peke yake, wavu wa jirani unakula ulichokiacha.

Kwa wanaokuja kutalii: viboko na mamba wapo kweli, usitembee ukingoni baada ya magharibi. Kiangazi ndovu wa Tsavo huja kunywa. Usiingie matetini bila mwenyeji. Ukingo wa Kenya kwa sehemu ni hifadhi, na geti la KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, lina mahali pa kupiga kambi.

Ijumaa: Taveta na Chala

Mashine ilimaliza kazi. Mimi nilikuwa narudi kwa njia ya Tanzania na sikutaka kuanza kueleza forodhani. Dereva wa lori la ndizi, mtu nisiyemjua kabisa, aliipakia kati ya mikungu na kuniandikia namba ya kibanda chake Kongowea. Alitaka 500 tu. Jamaa yangu wa Taveta alinihakikishia kwamba ndiyo posta ya huku.

Baada ya swala ya Ijumaa bodaboda ilinipeleka Ziwa Chala, 700 kwenda na kurudi. Ni shimo la volkano, kuta zake zinashuka wima, maji buluu na kina chake kinakaribia mita 90. Nalo limegawanywa na mpaka. Mwaka 2016 watafiti wa kimataifa walichimba tope la chini yake zaidi ya mita 200 kwenda ndani, wasome historia ya hali ya hewa ya miaka laki mbili na nusu. Samaki wake wa asili, Oreochromis hunteri, hayupo ziwa jingine lolote, na sasa amezidiwa na perege wengine waliopandwa humo na binadamu. Usiogelee, hata ukiona vijana wanaoga. Mwaka 2002 mamba alimuua msichana wa Kiingereza hapa.

Jumamosi: Holili – Himo – Mwanga

Mpaka wa Holili ni wa kituo kimoja, unagongwa mihuri yote ndani ya jengo moja. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, kitambulisho peke yake hakitoshi Tanzania. Kadi ya homa ya manjano waliniuliza. Aliyekuwa mbele yangu hakuwa nayo na nilimwacha pale. Pesa badilisha kidogo tu, mimi nilipewa 19 kwa shilingi moja ya Kenya na kule Mwanga ilikuwa nafuu.

Himo nilikula mtori na nyama, 4,000 za Tanzania, na muuzaji aliniita kaka na kuniongeza bakuli nilipomwambia natoka Mombasa. Himo hadi Mwanga 3,000. Kutoka Mwanga mwenyeji wetu alinichukua kwa pikipiki mpaka ukingo wa pili.

Nilitaka kuona ile ng'ambo niliyoitazama siku zote zile. Mashamba yamefika karibu kabisa na maji. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwetu kanuni zinataja kati ya mita 6 na 30. Ziwa moja, mikanda miwili, na mahindi hayajui kusoma wowote kati yake. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole, hakuificha hali hiyo. Alisema ukimwondoa mkulima ukingoni lazima umwonyeshe pa kwenda, la sivyo atarudi usiku na jembe. Wameanza na vijito: wanapanda miti kando yake ili udongo wa Pare usishuke wote. Nilipiga picha ya miche. Mingine imekwishaliwa na mbuzi, na hilo nalo aliniambia niliandike.

Jumapili: Mwanga – Tanga – Mombasa

Basi la Tanga lilichelewa, kisha likachelewa tena, likaja limejaa. 16,000, na nilisimama mpaka Same. Mombo chungwa nne kwa 1,000. Korogwe tulikutana na Mto Pangani, maji ya udongo yaendayo baharini, nikayatazama kwa jicho jingine. Tanga niliwahi gari la mwisho la Mombasa, 18,000. Horohoro na Lunga Lunga tulipita bila shida, ila fundo moja la vitunguu vya abiria lilizua mjadala wa dakika arubaini. Ferry ya Likoni tuliivuka saa tano usiku.

Ushauri: Tanga fika kabla ya saa nane mchana. Gari la mwisho halina saa maalumu, linaondoka likijaa.

Jumanne iliyofuata: Kongowea

Mashine ilinisubiri kibandani, imefunikwa majani ya migomba, haina mkwaruzo. Mwenye kibanda alinitilia ndizi mbivu kwenye mfuko.

Niliifungua nyumbani. Impela ya pampu ya maji ilikuwa imelika kabisa, na njia za kupozea zimejaa tope laini la kahawia, si mchanga. Nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la simu pamoja na risiti ya impela mpya, 2,600. Yule dada mtafiti alijibu kwamba risiti italipwa, kisha akauliza kama tope nimelitupa na lilitoka kituo namba ngapi. Mzee wa pondo akajibu kabla yangu: "Hilo la Lumi, rangi yake naijua." Wa upande wa Tanzania akaandika kwamba linaweza pia kuwa la Pare, likapimwe. Nimelitia chupani, na Alhamisi nalipeleka.